Firigisi

Shuka ngazi kumi na moja kutoka barabarani,
iache mvua ya Glasgow igombane na madirisha ya mabasi,
sukuma pazia la buluu lililopauka kwa moshi.
Viti kumi na vinne. Kaunta ya mbao. Mkaa.
Nyuma ya mkaa, mimi.

Bwana Moriwaki hawezi kusema Tatu.
Ulimi wake unateleza, linatoka Tatsu,
na Tatsu, aliniambia juma la kwanza akicheka,
kwa lugha ya kwao ni kusimama.
Basi jina limenipata.
Toka jioni hadi bia ya mwisho sijui kiti.

Mwaka mzima hakuniruhusu kugusa moto.
Nilichoma kwa macho. Mikono ilitunga tu:
paja na kitunguu majani, paja na kitunguu majani,
ngozi ikunjwe kama leso,
moyo upasuliwe, damu ikamuliwe,
kijiti kipite katikati hasa,
la sivyo nyama itazunguka juu ya makaa kama mlevi.
Mtu aliyekulia mishikaki, nilijisemea, ashindwe na hii?
Nilishindwa. Vidole vyangu vina matundu.

Na kile chungu cha mchuzi, usiombe kukiosha.
Hakijaoshwa tangu marehemu mkewe
alipokipakata kwenye ndege kutoka Fukuoka.
Usiku kinapungua, asubuhi kinaongezwa.
Kiswahili changu kinahesabu mbele bila kuchoka:
kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo.
Kurudi nyuma pumzi inakatika mapema,
jana, juzi, basi.
Chungu kinaendelea.

Lakini nilitaka kusema habari ya firigisi.

Kwetu Muheza, kuku akichinjwa,
hesabu ilijulikana kabla manyoya hayajanyonyolewa:
firigisi ya baba.
Baba hayupo, ya mgeni wa kiume.
Mgeni hayupo, ya kaka yangu Mbwana, miaka sita,
ambaye hakuipenda,
aliitafuna kwa sababu tulikuwa tunamtazama.
Mama ndiye aliyeipasua, akamwaga changarawe,
akamenya ile ngozi ya manjano,
akaikaanga, akaipeleka sebuleni.
Chumvi alikisia.

Sasa natunga arobaini kwa usiku,
chumvi tupu, bila mchuzi, pauni nne na nusu,
kwa yeyote: mchomeleaji wa meli kutoka Govan,
nesi aliyetoka zamu na viatu vyake vyeupe.
Wanawake watatu wakisherehekea talaka ya mmoja wao
walimaliza vijiti tisa.
Mbingu ilibaki palepale.

Februari mama alikuja.
Jumanne, wateja wachache, nikamketisha kiti cha pembeni,
koti langu juu ya kanga yake, na kanga nyingine juu ya koti.
Bwana Moriwaki aliinama. Mama akainama.
Wakainamiana mpaka ikabidi niwaamulie.
Bia ya jirani akaipa mgongo.
Kwanza aliuliza nani kachinja.
Nikamtajia bucha la Pollokshields, akatulia.

Nikapepea. Nikanyunyiza kutoka juu, kama nilivyofundishwa.
Nikaweka mbele yake vijiti viwili.

"Nini?"
"Firigisi."

Akatazama mlangoni.
Wallahi, alitazama mlangoni,
ana miaka sabini na moja,
na baba ana tisa kaburini.
Pazia lilitikisika. Upepo wa ngazini.

Akatafuna. Meno ya mama si mengi, ilichukua muda.
Tone la mafuta likaangukia makaa, likafoka.
Mimi nilikuwa nasubiri machozi, yake au yangu,
hata kitambaa nilishakiandaa.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.
"Ngumu."

Akavuta kijiti cha pili,
akala taratibu mpaka mwisho,
akakilamba, akakilaza ukingoni mwa sahani.

"Na chumvi," alisema, "ipunguze."